Tarakimu Isiyo na Ngeli: Hesabu, Uhai na Usimulizi katika Mchezo wa Metroid II: Return of Samus

Ikisiri

Makala hii inaurejelea mchezo wa video wa Metroid II: Return of Samus, uliotolewa na kampuni ya Nintendo mwaka 1991 kwa ajili ya kifaa cha mkononi cha Game Boy. Mchezo huu hauna msimulizi anayesema wala majibizano ya wahusika. Hata hivyo, unasimulia kisa cha mwindaji aliyetumwa kukiangamiza kizazi kizima cha viumbe na ambaye mwishoni anaondoka na mmoja wao akiwa hai. Makala inajenga hoja kwamba sauti ya usimulizi katika mchezo huu ni tarakimu inayokaa pembeni mwa skrini, na kwamba maana ya kisa inajitokeza pale tarakimu hiyo inapokosa kazi. Kwa kuisoma tarakimu hiyo kwa sarufi ya Kiswahili, ambamo kuhesabu kunamlazimu msemaji kuamua iwapo anahesabu vitu au viumbe hai, makala inaonyesha jambo ambalo namba peke yake inalificha. Mchezo unalinganishwa na ngano ya Sultani Majinuni iliyokusanywa na Edward Steere, kisha na toleo lake jipya la mwaka 2017.

1.0 Utangulizi

Mhakiki wa fasihi simulizi hahitaji kushawishiwa kwamba kisa kinaweza kuishi nje ya maandishi. Amezoea kuhakiki ngano pamoja na sauti ya mtambaji, ishara za mikono yake na kimya chake, na anajua kwamba hadhira inayoitikia ni sehemu ya utendaji. Kwa sababu hiyo, anapokutana na mchezo wa video hakutani na jambo geni kabisa. Aarseth (1997) ameziita matini za aina hii matini zinazodai kazi ya ziada kutoka kwa msomaji ili zipitike, naye Juul (2005) amesisitiza kwamba mchezo wa video una sura mbili kwa wakati mmoja: sheria ambazo ni halisi na ulimwengu ambao ni wa kubuni. Mchezaji anaposhindwa, ameshindwa kweli, ingawa joka lililomshinda halipo.

Kauli hiyo ya Juul inazaa swali la kifasihi ambalo makala hii inalishughulikia. Iwapo sheria za mchezo zinamtaka mchezaji aue, na kisa cha mchezo kinaishia katika kuhurumia, ni nani aliyehurumia? Metroid II ni mfano mzuri wa kulijibu swali hili kwa kuwa kisa chake kinategemea sheria karibu peke yake. Katika mwendo wa mchezo hakuna maneno yanayomwambia mchezaji afikiri nini. Yale machache yaliyomo katika kijitabu cha maelekezo yanaeleza kazi iliyotolewa, na hayaelezi lolote kuhusu mwisho wake.

2.0 Kifaa, umbo na kisa

Game Boy ilitolewa mwaka 1989. Skrini yake ilikuwa na pikseli 160 kwa 144 na viwango vinne tu vya weusi na weupe, vilivyoonekana katika rangi ya kijani iliyofifia. Mchezo wa kwanza wa Metroid, uliotolewa mwaka 1986, ulikuwa umetengenezwa kwa kifaa cha nyumbani chenye rangi. Waandaaji wa Metroid II, waliokuwa katika idara ya utafiti na uundaji ya Nintendo iliyosimamiwa na Gunpei Yokoi, walilazimika kusema kwa umbo kile ambacho rangi ilikuwa ikikisema. Mfano unaojulikana zaidi ni vazi la mhusika mkuu, Samus Aran. Vazi lake lenye nguvu zaidi lilipewa mabega makubwa ya mviringo ili mchezaji atambue kwamba limebadilika, na mabega hayo yamebaki kuwa alama ya mhusika huyo hadi leo.

Mchezo huu uko katika utanzu wa michezo ya majukwaa, yaani michezo ambamo mhusika huonekana kwa ubavu akikimbia, akiruka na kupanda kutoka ngazi moja hadi nyingine. Lakini tofauti na michezo mingi ya utanzu huo, hauendi kulia tu hadi kwenye bendera ya ushindi. Unashuka. Samus anatua juu ya sayari iitwayo SR388, anaingia pangoni, na kuanzia hapo mwelekeo wa kisa ni chini. Kwa kuwa umbo lake limechorwa kubwa kwenye skrini ndogo, mchezaji haoni mbali. Mchezo haumpi ramani. Anazijua kuta kwa kuzipapasa, hasa baada ya kupata uwezo wa kujikunja kama mpira na kutambaa ukutani na darini mfano wa buibui. Maeneo mengi hayana hata wimbo wa kueleweka. Yana milio michache na ukimya.

Kisa chenyewe kinaelezeka kwa sentensi chache. Metroidi ni viumbe wanaofyonza uhai wa viumbe wengine. Katika mchezo wa kwanza maharamia wa anga walitaka kuwatumia kama silaha. Shirikisho la Galaksi linaamua kwamba asibaki hata mmoja katika sayari walikotoka, na linamtuma Samus kuikamilisha kazi hiyo. Jambo la kuzingatia ni kwamba hakuna mateka wa kuokolewa wala mji wa kulindwa. Kazi ni moja, nayo ni kumaliza.

3.0 Tarakimu kama msimulizi

Kwenye ukingo wa chini wa skrini kuna namba. Mchezo unapoanza, namba hiyo ni 39. Kila metroidi anapouawa, inapungua kwa moja. Metroidi wa eneo fulani wakiisha, ardhi hutetemeka, kimiminika kinachounguza kilichoziba njia hushuka kina, na eneo jipya hufunguka.

Utaratibu huu mdogo unafanya kazi zote ambazo tungezitarajia kwa msimulizi. Unagawa kisa katika sura, kwa kuwa kila mtetemo wa ardhi ni mwisho wa sura moja na mwanzo wa nyingine. Unamweleza mchezaji alipo, kwa kuwa pasipo ramani namba ndiyo kipimo pekee cha safari. Unatoa pia tathmini: kuua kunalipwa njia. Sayari yenyewe inaonekana kuafikiana na Shirikisho, kwani inajifungua kadiri wakaaji wake wanavyopungua. Bogost (2007) amependekeza kwamba michezo hushawishi kwa taratibu zake zaidi kuliko kwa maneno yake. Hapa ushawishi uko wazi: namba ikishuka, mambo yanakwenda vizuri.

Hata hivyo, picha zilizo juu ya namba hiyo zinaanza mapema kutoafikiana nayo. Metroidi wa kwanza anayekutana na Samus anajibadilisha mbele ya macho ya mchezaji. Anatoka katika umbo la yavuyavu linaloelea na kuwa mnyama mwenye gamba. Baadaye mchezaji anakuta magamba yaliyovuliwa, alama kwamba kuna mmoja aliyekua karibu na hapo. Hatua za ukuaji zina majina yaliyotokana na alfabeti ya Kigiriki: Alfa, Gama, Zeta na Omega, kisha Malkia. Kwa maneno mengine, viumbe hawa wana utoto, ujana na utu uzima. Wana nyumba na wana mama. Namba haitambui lolote kati ya haya. Aliyezaliwa jana na aliyekomaa wanapunguza hesabu kwa kiasi kilekile.

Ukinzani huu kati ya picha inayoonyesha maisha na namba inayoonyesha mabaki ndio mgogoro wa kisa. Hautamkwi popote, lakini mchezaji anaubeba kwa saa zote anazocheza.

4.0 Kuisoma tarakimu kwa Kiswahili

Tarakimu haina ngeli. Anayeandika 39 hajalazimika kusema ni 39 za nini. Lakini mara tu mchezaji wa Kiswahili anapoisoma kwa sauti, sarufi inaanza kumdai. Katika Kiswahili, moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupokea viambishi vya upatanisho. Sita, saba, tisa, kumi na makumi mengine hazipokei. Kwa hiyo “metroidi thelathini na tisa” ni kirai kisichotoa siri. Msemaji anaweza kukitamka bila kuamua iwapo anazungumzia viumbe, mashine au maradhi. Metroidi wa kwanza akishauawa, ficho hilo linaondoka. Je, wamebaki thelathini na wanane, au zimebaki thelathini na nane?

Uamuzi huo si wa kisarufi tu. Nomino ngeni ya namna hii huingia kwa urahisi katika ngeli ya N, lakini Kiswahili sanifu huzipa nomino zinazotaja viumbe hai upatanisho wa ngeli ya A-WA bila kujali umbo la nomino: kiboko anaogelea, simba wamelala. Utata unazuka pale uhai wenyewe unapobishaniwa. Matumizi ya maneno kama bakteria na virusi yanatuonyesha jinsi wasemaji wanavyoyumba kati ya kuvipa vitu hivyo upatanisho wa vyenye uhai na kuvinyima. Metroidi wamo katika mpaka huohuo. Kwa maharamia wao ni silaha, na silaha ni hii na zile. Kwa Shirikisho ni janga, na janga halina nafsi. Kwa anayewatazama wakivua magamba yao, ni hawa na wale.

Msomaji anaweza kupinga kwamba huku ni kuupachika mchezo sarufi isiyo yake. Waandaaji walikuwa wasemaji wa Kijapani, lugha isiyo na mfumo wa ngeli kama wa Kibantu. Pingamizi hilo lina uzito, na makala hii haidai kwamba upatanisho umo ndani ya mchezo. Inachodai ni kwamba kilichomo ndani ya mchezo ni swali ambalo upatanisho unaliuliza, yaani iwapo kinachohesabiwa kinaishi. Lugha nyingine zinamruhusu mchezaji kuliahirisha swali hilo hadi mwisho. Kiswahili kinamtaka alijibu tangu metroidi wa kwanza.

Karibu na mwisho, mchezo unacheza na hesabu yake kwa namna inayothibitisha usomaji huu. Namba imefika 1. Samus anaingia katika kiota cha mwisho akitarajia adui mmoja, na ghafla namba inapanda hadi 9. Metroidi wachanga wanane wameanguliwa, na Malkia ni wa tisa. Kwa mara ya kwanza hesabu imeongezeka. Kilichoiongeza ni uzazi, jambo ambalo mashine ya kuhesabu mabaki haikuundwa kulieleza. Shirikisho lilitoa idadi kana kwamba lilikuwa likihesabu mali ghalani. Sayari imejibu kwamba kilichokuwa kikihesabiwa huzaana.

5.0 Nunda na metroidi

Uwindaji unaohesabika si mgeni katika masimulizi ya Kiswahili. Katika ngano ya Sultani Majinuni, iliyomo katika mkusanyiko wa Steere wa mwaka 1870, paka wa sultani anaanza kwa kula mifugo. Sultani anakataa auawe, kwa hoja kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Paka anakua hadi anakuwa nunda mla watu, na hata wana wa sultani mwenyewe hawasalimiki. Mwana wa mwisho, asiyethaminiwa, anatoka kumwinda. Kila anapoua mnyama anamrudisha kwa mama yake akidhani ndiye, na kila mara mama anamjibu kwamba siye, mpaka siku anapomleta nunda mwenyewe.

Muundo wa ngano hii na wa mchezo unafanana: mwindaji mmoja, msururu wa mawindo yanayozidi ukubwa, na zimwi mkuu mwishoni. Hata motifu ya kuingia tumboni mwa zimwi, inayojulikana sana katika ngano za Kiafrika, imo katika mchezo. Samus anaweza kujikunja kama mpira, akaingia kinywani mwa Malkia na kutega mabomu tumboni mwake. Lakini kufanana huko kunaifanya tofauti ionekane zaidi. Katika ngano, mauaji yanapimwa kwa utambulisho. Kuna sauti, nayo ni ya mama, inayomzuia mwindaji kudhani kwamba kila anachokiua ndicho alichotumwa kukiua. Neno “siye” linarudiwa mara nyingi, na kila linaporudiwa linatenganisha mnyama na zimwi. Katika mchezo, nafasi ya mama imeshikwa na namba, na namba haijui kusema “siye”. Kila aliyekufa ndiye.

Tofauti ya pili inahusu chanzo. Ngano haifichi kwamba nunda alilelewa nyumbani na kwamba ubaya wake ulianza katika upofu wa sultani. Metroid II inanyamaza kuhusu asili ya metroidi. Ilibidi kusubiri Metroid Fusion ya mwaka 2002, mchezo mwingine wa kifaa cha mkononi, ili ielezwe kwamba metroidi waliumbwa na taifa la kale la Chozo ili wawe wawindaji wa vimelea hatari, na kwamba kuangamizwa kwao ndiko kulikoviachia vimelea hivyo. Mfululizo ulichukua zaidi ya miaka kumi kufika mahali ambapo ngano ilianzia: zimwi ana historia, na historia hiyo inamhusu aliyetoa amri ya kumuua.

6.0 Mwisho usio na pigo

Malkia amekufa. Mbele ya Samus kuna yai moja, linapasuka, na metroidi mchanga anatoka. Hashambulii. Anazunguka karibu na Samus na kumfuata, kama kifaranga anayemfuata wa kwanza kumwona. Njia ya kutokea imezibwa na vitu ambavyo silaha za Samus haziviondoi. Mtoto anavila na njia inafunguka. Wawili hao wanapanda pamoja hadi juu ya ardhi. Njiani hakuna adui. Wimbo ni wa taratibu. Wanafika kwenye chombo, na mchezo unakwisha.

Uhakiki mwingi unaweza kuridhika kwa kusema kwamba Samus amemhurumia. Lakini swali la utangulizi linabaki: ni nani aliyehurumia? Si mchezaji, kwa maana ya uchaguzi. Hakuna njia ya kuumaliza mchezo kwa kumuua mtoto huyu, wala njia ya kutoka bila yeye. Iwapo huruma ni tendo la hiari, basi hapa hakuna huruma.

Tukiangalia kauli za vitenzi tunapata jibu lililo bora. Kwa muda wote wa mchezo, Samus ni mtendaji: anapiga, anaruka, anaua. Katika dakika za mwisho anageuka kuwa mtendewa. Anafuatwa, anafunguliwa njia. Silaha zake zote anazo, lakini mchezo umekiondoa kitenzi chake kikuu na haukuweka kingine badala yake isipokuwa kwenda. Tena ardhi iliyokuwa ikitetemeka kila metroidi walipokwisha haijibu kitu sasa. Njia inafunguka kwa sababu metroidi mmoja yu hai, na kanuni iliyouendesha mchezo mzima, kwamba kifo hufungua njia, imepinduliwa bila neno hata moja. Kinachomfikia mchezaji hapa ni maarifa kuhusu alichokuwa akikifanya. Alihesabu, na mbele yake yuko asiyehesabika. Kwa Kiswahili tungesema kwamba hapa ndipo “moja” inapolazimika kuwa “mmoja”.

Urefu wa matembezi haya nao una maana. Kwa istilahi za Genette, muda wa usimulizi unaendelea ilhali karibu hakuna tukio. Mchezaji aliyezoea kuvizia adui kila kona anaendelea kuvizia, na hakuna anayekuja. Utupu huo anautambua: ni yeye aliyeusababisha.

7.0 Masimulizi yaliyofuata

Kisa hiki kilipewa maneno mwaka 1994, katika utangulizi wa Super Metroid, ambapo Samus mwenyewe anasimulia kwamba alimpeleka mtoto yule kwa wanasayansi ili achunguzwe. Aliyeachwa hai kama mtoto anapokelewa kama sampuli. Toleo jipya la mchezo wenyewe, Metroid: Samus Returns, lilitolewa mwaka 2017 kwa Nintendo 3DS na kutengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya MercurySteam ya Hispania. Toleo hilo lina ramani, rangi na mapigano yenye ufundi mkubwa, na limewafungulia mlango wachezaji wengi ambao wasingeuvumilia ugumu wa toleo la kwanza. Sifa hizo ni za haki.

Lakini mwisho wake umebadilika. Samus na mtoto wanapofika juu, anatokea Ridley, adui wa siku nyingi wa Samus, na pambano kubwa linafuata. Mtoto anashiriki upande wa Samus, na kwa hilo anapata hadhi ya mhusika. Pamoja na hayo, pambano linakirudisha kitenzi kilichoondolewa. Mchezaji anapewa tena adui ambaye kumpiga hakuhitaji kufikiriwa mara mbili, na ushindi unaifuta hali ya kutojua ajionee fahari au aibu. Toleo la 1991 lilimwacha na hali hiyo. Toleo hilo la awali lilipoingizwa katika huduma ya Nintendo Switch mwaka 2023, lilirudi na ukimya wake, na msomaji wa leo anaweza kulinganisha miisho hiyo miwili kwa urahisi.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba mchezo usio na maneno unaweza kusimulia kwa hesabu, na kwamba hesabu hiyo inaweza kuhakikiwa kwa zana za fasihi na za isimu kwa pamoja. Imeonyesha pia kwamba Kiswahili si chombo tu cha kueleza matokeo ya uhakiki uliofanywa kwa lugha nyingine. Mfumo wake wa upatanisho umelileta wazi swali la kimaadili ambalo tarakimu inalifunika.

Jambo hili lina matokeo ya kivitendo. Siku mchezo kama huu utakapotafsiriwa kwa Kiswahili, mfasiri atafika kwenye lebo fupi ya kueleza namba ile ya pembeni, naye atalazimika kuchagua kati ya “waliobaki” na “zilizobaki”. Huenda akapewa nafasi ya herufi kumi tu na muda wa dakika moja. Akichagua “zilizobaki”, atakuwa amelifuata agizo la Shirikisho, na mwisho wa mchezo utamshtua mchezaji kana kwamba kitu kimegeuka ghafla kuwa mtu. Akichagua “waliobaki”, mchezaji atajua tangu 39 kwamba anaua walio hai, na matembezi ya mwisho hayatamshtua. Yatathibitisha alichokuwa akikijua. Kila chaguo lina hoja yake. La kwanza linalinda mshtuko wa kisa, la pili linalinda ukweli wake. Kwa mtazamo wa makala hii, la pili lina nguvu zaidi, kwa kuwa picha za mchezo, tangu metroidi wa kwanza anapobadili umbo mbele yetu, zinamshuhudia kuwa hai. Mfasiri atakayeandika “waliobaki” hataongeza kitu ambacho mchezo haukukionyesha.